Mamba Mwenye Pembe wa Olduvai

Leo twataka kusema habari za mamba. Twajua kwamba wengi katika wanafunzi wetu wa nchi ya juu hawajamwona mamba hai, ila katika picha tu, na huenda mzee mmoja akauliza, "Mamba na sisi tuna shauri gani?" Tunamwomba mzee huyo avumilie kidogo, maana habari hii ina mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kosa letu sisi walimu. La pili ni jino moja lililomo ndani ya sanduku la chaki.

Tuanze na kosa. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi wetu kwamba mamba ni mnyama asiyebadilika. Tuliandika ubaoni kuwa mamba huyu alalaye leo kando ya mto Grumeti na mto Mara ndiye yule yule aliyekuwako zamani za zamani, kabla ya binadamu. Wanafunzi wakanakili, wakafaulu mtihani, wakawa walimu nao, wakaenda kuandika maneno yale yale katika mbao nyingine. Basi, si kweli. Umbo la mamba kwa jumla ni la kale sana, hilo halina shaka. Lakini mamba wenyewe wamekuja na kupita, namna baada ya namna, kama wageni katika nyumba moja. Na ushahidi mmoja ulio wazi wa jambo hili haukuokotwa Ulaya wala Marekani, ila Olduvai, ng'ambo ya milima ya Ngorongoro, kaskazini ya Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu.

Kabla ya kufika Olduvai, yafaa tujue mamba ni nani. Wahenga walisema, "Katika msafara wa mamba na kenge wamo." Methali hii yasemwa juu ya watu, lakini ukiichukua kama elimu ya wanyama ni sawasawa kabisa: kenge yumo msafarani, walakini si ndugu. Twamwona kenge ana mkia mrefu, magamba na miguu minne mifupi, nasi twadhani ni mamba mdogo. Ukiwapasua wote wawili utaona mengine. Moyo wa mamba una vyumba vinne, kama moyo wa kuku. Wa kenge una vitatu. Meno ya mamba yamekaa kila moja katika shimo lake ndani ya mfupa wa taya. Mamba jike hulinda mayai yake, na watoto wakilia ndani ya mayai yeye huwafukua mchangani, huwachukua kinywani mwake taratibu, akawapeleka majini. Jamaa aliye karibu na mamba, katika wanyama wote walio hai leo, si kenge wala mjusi wala nyoka, ni ndege. Jogoo anayewika uani kwako asubuhi ana udugu na mamba kuliko alivyo nao kenge. Tulipowaambia wanafunzi wetu neno hili mara ya kwanza walicheka, na mmoja akauliza kama yafaa sasa kumfungia mamba bandani. Tulimjibu kwamba ajaribu mwenyewe.

Jamii yote ya mamba walio hai imegawanyika sehemu tatu. Kuna aligeta na jamaa zake, wakaao hasa Marekani, nao wakifunga kinywa, meno ya chini hayaonekani. Kuna yule wa India mwenye mdomo mwembamba kama mwiko, alaye samaki. Na kuna mamba hasa. Huyu akifunga kinywa, jino la nne la taya la chini laonekana kwa nje, kama mtu mwenye jino lililotoka. Mamba wetu wote wa Afrika wamo katika sehemu hii ya tatu. Aliye mashuhuri ni mamba wa Nile, ambaye mtaalamu Laurenti alimpa jina la kitaalamu mwaka 1768, Crocodylus niloticus. Ndiye aliye katika mito na maziwa yetu mengi. Katika ziwa Tanganyika yuko mwingine, mwenye mdomo mwembamba. Na katika misitu ya Kongo yuko mamba mbilikimo, mfupi, mwenye haya. Wa Afrika Magharibi alihesabiwa kuwa ni huyo huyo wa Nile. Mfaransa mmoja, Geoffroy Saint-Hilaire, alisema mwaka 1807 kwamba ni namna yake peke yake, watu wasimsikilize. Ikapita miaka mia mbili. Mwaka 2011 wataalamu walilinganisha chembe za urithi za mamba walio hai na za mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale kwa ibada zao, wakaona kuwa yule Mfaransa alikuwa na haki.

Twaeleza haya ili mwone kwamba kumpanga mnyama katika jamaa yake si kazi ya jicho moja. Watu wawili wafananao si lazima wawe wa mama mmoja.

Sasa twende Olduvai. Hapana haja ya kueleza sana umbo la mahali pale kwa watu wa Mbulu, maana kila mmoja wetu anajua korongo. Mvua hukata udongo, mwaka kwa mwaka, mpaka shamba lililokuwa tambarare likawa na ufa, na ndani ya ufa waona tabaka za udongo: mwekundu, mweusi, wa changarawe. Olduvai ni korongo kama hilo, ila ni kubwa mno, na tabaka zake zina umri wa miaka milioni mbili kushuka mpaka nyakati zilizo karibu nasi. Mfupa uliofunikwa na tope au majivu upesi, kabla fisi na jua havijaumaliza, huweza kugeuka jiwe humo. Mifupa ya namna hii siku hizi huitwa visukuku. Na kwamba tope laweza kufunika kitu kwa saa chache, jamaa zetu wa Hanang hawahitaji kufundishwa. Waliliona tarehe 3 Desemba 2023, mlima ulipoteremka juu ya Katesh na vijiji vya karibu, ikawa msiba ambao hatutausimulia hapa kama mfano wa darasani.

Hapo kale Olduvai palikuwa na ziwa. Maji yake yalikuwa ya magadi, hayakuwa na njia ya kutoka. Lakini upande wa mashariki vijito vilishuka kutoka milima ya moto ya Ngorongoro, na chemchemi zilitoka chini ya ardhi, zikafanya mabwawa ya maji matamu na matete. Ukitaka kuliona ziwa lile leo, simama juu ya ukuta wa bonde la ufa, utazame Manyara. Ziwa ni la magadi. Lakini chini ya ukuta maji matamu yabubujika, na miti mikubwa imesimama penye maji hayo, na wanyama wote huja huko huko kunywa. Na Manyara nayo ilikuwa kubwa zaidi zamani: kilima cha Minjingu, ambako watu huchimba fosfeti ya kutilia mashamba mbolea, kilikuwa kisiwa, na wachimbaji hukuta humo mifupa ya ndege wa majini.

Penye maji matamu palikuwa na mamba. Watafiti wa Olduvai walikuwa wameokota mifupa na meno yake tangu siku nyingi, nao walimhesabu kuwa ni mamba wa Nile au jamaa mwingine wa kale ambaye jina lake lilikwisha kujulikana. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa wote walikuwa wamefundishwa lile somo letu la ubaoni. Kisha ikapatikana sehemu ya fuvu pamoja na mifupa mingine ya mwili wake, imelala juu ya ardhi kati ya tabaka mbili za majivu ya volkano. Majivu hayo yamepimwa umri wake, nao ni kama miaka 1,840,000. Mwaka 2010 wataalamu wanne, Christopher Brochu, Jackson Njau, ambaye ni Mtanzania, Robert Blumenschine na Llewellyn Densmore, walitangaza kwamba mamba huyu si wa Nile. Ni namna nyingine, iliyokwisha kabisa duniani.

Walimjuaje? Kwanza kwa pembe. Msifikiri pembe kama za ng'ombe au za swala. Katika mamba wa Nile, sehemu ya nyuma ya kichwa, juu ya masikio, ni bapa kama meza ndogo. Kwa mamba wa Olduvai, pembe mbili za meza ile ziliinuka juu, kila upande, zikawa kama pembetatu za mfupa. Pua yake nayo ilikuwa nene kwenda juu kuliko ilivyo desturi. Mtu angeweza kusema upesi, "Huyu ni yule wa Bukini!" maana katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, palikuwa na mamba mwingine mwenye pembe za namna hiyo, naye alikwisha si zamani sana. Lakini wataalamu hawakutazama pembe peke yake. Walitazama mifupa yote waliyokuwa nayo, alama moja moja, wakaona kwamba wa Olduvai hana alama nyingine za yule wa Bukini, bali ana alama za ukoo wa Crocodylus, au yuko karibu nao sana. Pembe hizo basi zilimtokea kila mmoja kwa njia yake. Hapa ndipo methali ya kenge inaporudi: kufanana msafarani si udugu.

Jina walilompa ni Crocodylus anthropophagus, na neno hili la mwisho ni la Kigiriki, maana yake mla watu. Hawakumwita hivyo kwa kutisha watu.

Mwaka 1960, katika Olduvai, palipatikana mifupa ya mguu wa kushoto, kuanzia kisigino na kifundo, ya kiumbe aliyetembea wima kama sisi. Mwaka huo huo ikapatikana pia mifupa ya muundi. Mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake walitoa jina la Homo habilis, yaani mtu mstadi, na mguu ule huhesabiwa kuwa wake. Mifupa hii ina alama za meno. Zamani watu walidhani fisi na chui tu ndio walao mifupa ya watu porini. Bwana Njau na Bwana Blumenschine waliuliza swali jepesi ambalo hakuna aliyeliuliza vizuri: jino la mamba laacha alama gani? Wakawapa mamba waliofungiwa nyama yenye mifupa, wakaiokota mifupa iliyobaki, wakaitazama kwa kioo cha kukuzia. Matokeo yalitolewa mwaka 2006.

Fisi hutafuna. Huanza ncha za mfupa, akasaga mpaka zikaliwa, na mfupa ubakio una kingo zilizoparuzwa. Mamba hajui kutafuna. Hubana, hujizungusha majini mpaka kipande kikakatika, kisha humeza kizima. Na mfupa uliomezwa huyeyuka tumboni mwake, usionekane tena. Ule ulioponyoka kinywani haukutafunwa ncha zake, lakini una vishimo vingi vya kubanwa. Na jambo la kupendeza ni hili: jino la mamba, hasa likiwa jipya, lina ukingo mwembamba mbele na mwingine nyuma, kama panga la pande mbili. Likibonyea mfupa huacha kishimo chenye mstari uliokipasua kati. Fisi hana jino la namna hiyo, wala chui hana. Vishimo hivyo ndivyo vilivyoonekana katika mifupa ya Olduvai, pamoja na ule mguu uliovumbuliwa mwaka 1960.

Tuseme kwa uangalifu. Kishimo katika mfupa chatuambia mamba aliuma. Hakituambii kama aliyeumwa alikuwa hai, ameinama kuteka maji, au alikuwa maiti iliyoelea. Sisi twaona la kwanza laelekea zaidi kuwa kweli, kwa sababu penye maji matamu ndipo kila kiumbe alipolazimika kwenda, na mama yeyote aliyewahi kumtuma mtoto mtoni penye mamba anajua tunasema nini. Lakini hayo ni maoni yetu, wala si mfupa. Lililo hakika ni kwamba, katika walao nyama waliokutana na wazee wetu wa mbali pale Olduvai, mamba huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kupita wote.

Vijana wapendao ngano watakuwa wamemkumbuka nunda mla watu, yule paka wa sultani aliyeanza na wanyama, watu wakamnyamazia, akaishia kula watu. Ajabu ni kwamba wataalamu nao wamemkumbuka. Katika nchi ya Songea, kwenye miamba iliyo ya kale mno kupita Olduvai, alipatikana mnyama wa upande wa mamba, na mwaka 2014 akaitwa Nundasuchus songeaensis. Hilo "suchus" ni jina la Kigiriki la mungu mamba wa Misri. Na paka naye hakusahauliwa. Katika bonde la Rukwa alipatikana mnyama mdogo, ukubwa wake kama paka wa nyumbani, aliyeishi miaka kama milioni 105 iliyopita. Meno yake ya mbele yalikuwa kama ya paka na ya nyuma kama magego yakatayo nyama, kitu kisichokuwamo katika mamba yeyote wa leo. Mwaka 2010 akaitwa Pakasuchus kapilimai, kwa heshima ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwingine wa huko huko aliitwa Rukwasuchus yajabalijekundu. Mwanafunzi wa darasa la tatu wa Dongobesh aweza kulisoma jina hilo bila kamusi, na profesa wa London sharti aulize. Wanyama hawa hawakuwa mamba hasa, ila jamaa wa mbali wa mamba, wa matawi yaliyokauka.

Mamba hasa, wa ukoo wa huyu wa Nile, hawaonekani katika Afrika mapema hivyo. Katika nchi ya Kenya, kando ya ziwa Viktoria, miamba yenye umri wa miaka milioni 15 na zaidi ina mifupa ya mamba wakubwa, walioandikwa mwaka 2022, ambao udugu wao ni na yule mbilikimo wa Kongo! Wenyeji wa kwanza wa mito yetu walikuwa hao. Watu wa ukoo wa Crocodylus walikuja baadaye. Kando ya ziwa Turkana aliishi mmoja, kati ya miaka milioni nne na milioni mbili iliyopita, aliyeweza kupita mita 7 kwa urefu. Kisha wa Olduvai mwenye pembe. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye twaweza kumwita babu wa mamba wa Nile. Yeye, tuliyemdhani mwenyeji wa siku zote, huenda ni mgeni aliyehamia nyumba wengine walipokwisha kuhama.

Sasa lile jino. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa chuoni kwetu alirudi kutoka likizo na kitu alichokifunga katika kitambaa. Mjomba wake alikuwa amekiokota akichunga upande wa Eyasi, akakaa nacho mfukoni, akampa mpwa wake awaonyeshe walimu. Kilikuwa jino lililogeuka jiwe, lina umbo la pia, urefu wa kidole gumba, rangi ya kahawia, na ukingo mwembamba mbele na nyuma. Tulifurahi sana. Tukalisugua kwa kisu na maji ya moto, tukatoa udongo wote uliokuwa umelishika, likang'aa. Tukalitumia darasani.

Baadaye alipita mtu mwenye ujuzi wa kazi hizi, tukamletea kwa fahari. Alilitazama, akasema, "Ni la mamba." Tukauliza, mamba gani? Wa Nile, au mwenye pembe, au mwingine asiye na jina bado? Akasema kwamba jino moja halitoshi kusema hivyo, lakini kama angejua lilitoka tabaka lipi angeweza kurudi mahali pale kutafuta fuvu, na udongo ulioshikamana nalo ungemwonyesha tabaka. Akauliza uko wapi udongo ule. Tukanyamaza. Tukamwita kijana. Kijana akasema mjomba amehama na ng'ombe wake, na nyanda za Eyasi ni pana.

Fuvu la Olduvai nalo lilikuwa limelala juu ya ardhi, kama jino letu. Mpita njia angaliweza kulitia mfukoni. Waliolipata walijua limelala kati ya majivu yapi mawili, na kwa hiyo leo lina umri, lina jina, na lina namba yake katika Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha.

Kwa hiyo twawaomba wachungaji, wakulima na ninyi watoto mnaokwenda kuteka maji makorongoni. Mkiona mfupa mzito kama jiwe, au jino, msiutoe wala msiusafishe. Rundikeni mawe machache kando, mkumbuke mti au mwamba ulio karibu, mkamwambie mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu hivi bila ruhusa, nayo yamtaka aliyevigundua atoe habari. Lakini hatusemi haya kwa ajili ya sheria tu.

Na kama yuko mzee anayetusikiliza, aliyechunga upande wa Eyasi miaka ile, akampa mpwa wake jino ndani ya kitambaa, twamwomba afike chuoni. Tutamlipia nauli. Jino lingali katika sanduku la chaki, rafu ya juu, nasi hatujaliandikia kitu.